Pengo la Sauti ya Pili

Watu wengine ubani au nta ya mishumaa ndiyo huwakumbusha kanisa. Mimi ni chaki. Juzi niliitwa shuleni kwa binti yangu, mambo yake yale yale ya kupiga domo darasani, na nilipoingia tu, kabla sijaketi, harufu ya chaki na mbao za madawati ikanishika. Mwalimu anaongea, mimi natikisa kichwa, lakini simsikii. Nilikuwa kisiwani Faza, nina miaka tisa, ni Jumapili asubuhi, na Sajini anafuta ubaoni hesabu za Ijumaa ili tuanze ibada.

Mama alipelekwa Faza kufundisha, akanichukua. Baba alibaki bara na kazi yake, tukawa tunamwona likizo kwa likizo. Wenyeji wa Faza ni Waislamu, na sisi wakuja tulikuwa wa kuhesabika: walimu, polisi, wauguzi, makarani wa ofisi za serikali. Waliokutana Jumapili katika lile darasa la tano walikuwa saba, na hapo umenihesabu na mimi. Mchungaji hatukuwa naye. Aliyetuongoza ni Sajini wa polisi, mtu mrefu mwenye sauti ya nne iliyotikisa vioo, na nadhani tulimpa uongozi kwa kuwa alishazoea kuamrisha watu.

Alikuwepo Sista, muuguzi wa hospitali, ambaye kwao wanaabudu Jumamosi. Jumamosi yake aliifanya peke yake chumbani, kisha Jumapili anakuja kwetu. "Jana niliabudu," alikuwa akisema, "leo nimewatembelea." Walikuwepo mafundi wawili wa ujenzi, ndugu wa tumbo moja, ambao wakiomba husikika mpaka ufukweni, na Sista huziba sikio moja akiendelea kuomba kimyakimya. Na alikuwepo Bwana Kioko, karani, mtu wa kwetu kabisa Ukambani, mwembamba, mwenye neno la kusema juu ya kila jambo. Kila mmoja alitoka kanisa lake, na huko kwao makanisa hayo yasingekaa meza moja. Faza walikaa dawati moja. Mimi mtoto nilidhani Wakristo wote duniani ndivyo walivyo.

Fahari yetu ilikuwa kuimba. Sista alishika sauti ya kwanza, mama ya pili, Kioko ya tatu, Sajini ya nne, na mafundi walijiunga popote palipowafaa. Kila sauti ilikuwa na mtu wake mmoja, kwa hiyo huwezi kujificha nyuma ya mwenzako. Wimbo wetu wa kufungulia Sajini alikuja nao kutoka kwao. Katikati ya kila ubeti sauti zote hunyamaza, sauti ya pili ikaingia peke yake kwa maneno manne tu, halafu wengine wanaijibu. Mama akifika hapo alikuwa akifumba macho. Mimi nami nilikuwa nikijifanya sijali, lakini nilikaa nikiyangoja yale maneno manne tangu Jumatatu.

Mvua za masika zilipoanza, nyanya yangu alifariki, yaani mama yake mama. Simu iliingia wakati wa chai. Mama alisikiliza, akasema "eeh" mara tatu, akaiweka mezani polepole kama chombo kilichojaa maji. Siku hiyo hiyo alinikabidhi kwa jirani yetu Bi Zubeda, akapanda boti kwenda Mokowe kutafuta basi la bara. Basi halikutoka. Mto ulikuwa umefurika, maji yamekata barabara, abiria wakaambiwa wangoje. Mama alingoja siku tatu, analala kwenye benchi. Kule nyumbani ndugu zake wakasema hawawezi kusogeza siku, watu wameshakusanyika. Wakazika. Mjomba aliishika simu yake juu ya kaburi ili dada yake asikie, na mama akasimama pale kituoni, kidole katika sikio la pili, akisikia mchanga unavyomwagwa. Kisha simu ikakatika.

Hayo niliyajua baadaye. Nilichokiona mwenyewe ni mama akirudi na begi lile lile, nguo za msiba ndani yake hazijakunjuliwa, na kiatu kimoja kimekatika ukanda.

Wanawake wa mtaa walikuja. Bi Zubeda alitandika mkeka wake ndani mwetu, wakakaa na mama siku tatu, chakula kikiletwa kwa zamu kwenye sinia. Hawakusema mengi. "Pole, mwanangu," Bi Zubeda alimwambia, "ndiyo ndia yetu sote," yaani njia, kisha akawa anamkanda mama miguu. Mimi mpaka leo nikisikia mtu anatafuta maneno ya kumfariji mfiwa, humkumbuka Bi Zubeda na ile miguu.

Laiti Kioko angemwona Bi Zubeda. Jumapili iliyofuata mama alikwenda kuabudu, macho yamevimba, kitabu chake cha nyimbo kifuani. Waliomba kwa ajili yake, vizuri tu. Baada ya maombi Kioko akasimama. Naamini alikuwa na nia njema, na nia njema yake ndiyo iliyomponza. "Mwalimu," akasema, "tumshukuru Mungu kwa yote. Labda lile basi lingeondoka lingeanguka. Mungu alikuzuia usifike ili akukinge."

Mama alikifunga kitabu chake, akakisawazisha juu ya dawati kama anayekirudisha kwa mwenyewe. "Mungu amenizuia nisimzike mama yangu?" akauliza, bila kupandisha sauti. "Basi mwambieni huyo Mungu wenu, kama yeye amenizuilia mama yangu, na mimi nimemzuilia sauti yangu." Akanishika mkono tukatoka, kitabu akakiacha pale.

Hakurudi. Sajini alikuja siku moja, kofia mkononi, mama akampa chai. "Chai kunywa, Sajini," akamwambia, "lakini ya kanisa usiniletee hapa." Sista naye alikuwa akipita akitoka zamu, anakaa, anasaidia kuchagua mchele, anakwenda zake. Kioko hakuja hata mara moja. Akituona njiani alivuka upande wa pili, ghafla ana haraka, na mimi nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Nyumbani palikuwa pazito. Mama alifundisha, alipika, alinisuka, hakuna alichopunguza ila sauti. Hakuimba akifua. Hakuimba akipika. Tulikuwa tukishikana mikono kabla ya kula. Sasa tukawa tunakula tu, na mimi niliomba moyoni macho wazi, nikihofia chakula kisichoombewa kitanidhuru tumbo. Jumapili ilipofika alinivisha gauni akanisukumia mlangoni. "Wewe nenda," akasema. "Hujakosana na mtu." Yeye akabaki akikanda unga wa chapati kwa nguvu zisizohitajika na chapati yoyote. Na kila Jumapili Bi Zubeda, akiwa kizingitini kwake, alimuuliza swali lile lile kupitia dirisha letu: "Mwalimu, leo nako hwendi kwa wenzo?" Mama hujibu kuwa ana kazi. Bi Zubeda humtazama, akasema, "Haya," kwa namna ambayo haikuwa haya hata kidogo.

Jumapili mbili za kwanza hatukuuimba ule wimbo. Ya tatu Sajini akauanzisha. Tulipofika katikati ya ubeti, pale pa mama, wote wakanyamaza. Nikangoja mtu aingie. Hakuna aliyeingia. Sista ameinamisha kichwa, Kioko anatazama viatu vyake, Sajini anagonga dawati kwa kidole, taratibu, mara nne. Kisha wakaijibu ile sauti ambayo haikuwepo, wakaendelea. Ubeti wa pili, hivyo hivyo. Niliona aibu kama nimemkuta mtu mzima amekosea hesabu rahisi.

Jumapili ya nne nikaamua kuwasaidia. Yale maneno manne niliyajua kuliko jina langu. Pengo lilipofika nikafungua mdomo, na kabla sijatoa sauti Sajini akanyoosha kiganja chake kikubwa mbele yangu, akatikisa kichwa. Hakukasirika. Lakini alimaanisha.

Wiki hiyo hiyo kulikuwa na msiba shuleni kwetu, mwalimu mstaafu ambaye sisi wadogo hatukumjua. Mwalimu mkuu alitupanga mstarini juani, akatuambia tuinamishe vichwa. Tukasimama kimya dakika nzima, hata wale watundu. "Hivi ndivyo tunavyomnyamazia marehemu," akasema.

Jumapili ya tano, tulipofika pale katikati, vichwa vikainama, kimya kikashuka, na mimi nikaelewa. Nilielewa vibaya, lakini nilielewa kabisa, kuliko nilivyowahi kuelewa jambo lolote. Walikuwa wakimnyamazia mama. Wamemwandika marehemu. Na nilipomfikiria mama mwenyewe, haimbi, haombi, macho yake hayako pale yanapotazama, nikaona kwamba wakubwa hawa wanajua jambo ambalo mimi sijaambiwa. Sikungoja ubeti wa pili. Niliruka dawati nikakimbia.

Mama alikuwa na mikono ndani ya unga. "Wanakunyamazia," nikamwambia, nahema.

"Nani?"

"Kanisani. Wanaimba, wakifika pako wananyamaza, wanainamisha vichwa kama wa marehemu. Mimi nikitaka kujaza Sajini ananikataza. Mama, wewe unakufa?"

Nilifikiri atacheka, kisha nikafikiri atanipiga. Badala yake akakaza leso kiunoni na mikono yake ile yenye unga, akatoka. Nilimfuata mbio. Bi Zubeda alikuwa kizingitini anapepeta mchele. "Mwalimu, wenda wapi na unga mikononi?"

"Nakwenda kuwaonyesha niko hai, Bi."

"Haya," akasema Bi Zubeda, na safari hii ilikuwa haya kweli.

Kule darasani ibada ilikuwa imesimama, Sajini yuko mlangoni ananitafuta kwa macho. Mama akampita. "Nani amekufa hapa?" akauliza.

Hakuna aliyejua swali limetoka wapi. "Mtoto ananikimbilia analia, anasema kila Jumapili mnaninyamazia. Mnamtisha mtoto kwa nini? Kama sauti ya pili hakuna, jazeni. Sista yupo, anaiweza. Au imbeni wimbo mwingine, kwani nyimbo zimeisha?"

"Mwalimu, hatukunyamazii," Sajini akasema. "Tunakuachia nafasi."

"Nani aliwaambia mniachie?"

Nilidhani Sajini atajibu. Aliyesimama ni Kioko, ameshika ukingo wa dawati kwa mikono miwili. "Ni mimi," akasema. "Sista alitaka kuijaza ile siku ya kwanza, nikamwomba asiijaze. Hapo nimepaharibu mimi. Nikasema pakijazwa, nitasahau."

Mama alimgeukia. "Ungekuja nyumbani ukasema hivyo. Unavuka njia kama umeona mbwa."

"Niliogopa, Mwalimu."

"Ukiogopa nini?"

"Nilijua nikifungua mdomo nitasema jambo lingine la kipumbavu." Fundi mmoja alitaka kucheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Na Kioko, kwa kuwa Kioko ni Kioko, akaongeza, "Ingawa kwa kweli, Mwalimu, ile barabara ilikuwa..."

"Kioko," Sista akamwambia, "kaa kitako." Akakaa.

Mama alisimama pale mbele, kati ya ubao na sisi, mahali pake pa kila siku pa kufundishia. Hasira ilikuwa imemleta mpaka hapo, na sasa naona ilikuwa imemwishia njiani. "Nani kati yenu anajua mama yangu alikuwa akiitwa nani?" akauliza. Walitazamana. "Mliniombea ile Jumapili. Mama yake Mwalimu, mama yake Mwalimu. Hakuna aliyeniuliza jina."

Sajini alivuta kiti cha mwalimu akamsogezea. "Tuambie," akasema. "Tulikosa. Tuambie sasa."

Akakikataa kiti. Akasema akiwa amesimama. Akasema mamake aliitwa Ndunge. Akasema alisuka vyondo vya mkonge na hakuna mtu sokoni kwao aliyewahi kumshusha bei. Akasema alilala redio ikiwa wazi, ukiizima anaamka. Akasema ndiye aliyemfundisha sauti ya pili, wakichagua maharagwe uani: mama mtu anashika sauti ya kwanza, na mtoto akiifuata anapigwa kofi dogo la goti. "Usinifuate," alikuwa akimwambia. "Shika yako, lakini tuwe pamoja." Sikuwahi kuyasikia haya, mimi niliyelala naye chumba kimoja. Alikuwa akiyasema kwa watu ambao wiki tano nzima hakutaka kuwaona.

Kisha akafika kwenye simu. "Nilisikia mchanga," akasema. "Nilisikia mtu anakohoa. Nilikuwa nangoja waimbe, ili niimbe nao pale kituoni, wacha watu wanione mwehu. Simu ikakatika kabla hawajaimba." Hapo sauti ikamkatika na yeye. Sista alikuwa ameshafika, amemshika mabega, unga umejaa kwenye gauni lake la Jumapili. Mafundi walilia waziwazi, wale hawakuwa watu wa kuficha. Nami nikalia, nusu kwa huzuni, nusu kwa furaha kwamba mama hafi.

Tulikaa. Hakuna aliyehubiri siku ile. Mmoja aliuliza nyanya alikuwa na wajukuu wangapi, mwingine aliuliza alizikwa upande gani wa boma, na mama alijibu, na kila jibu lilimtoa jingine. Ikawa ndiyo matanga yake, katika darasa la tano, na watu watano ambao wasingekuwa na sababu yoyote ya kumjua Ndunge wa Ukambani. Mama alipochoka kusimama alitafuta pa kukaa. Kiti cha mwalimu Sajini alikuwa ameshakikalia, madawati mengine yamerundikwa nyuma kama kila Jumapili, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja, dawati la Kioko. Alilitazama lile dawati kwanza. Akakaa, kwenye ncha kabisa.

Sajini akaanzisha wimbo. Tukafika katikati ya ubeti, tukanyamaza. Mama hakuingia. Nilimwona anafungua midomo, anaifunga. Nikamtazama Sajini, nikijua sasa atagonga dawati mara nne tuendelee kama siku zote. Hakugonga. Aliweka mkono wake juu ya meza akauacha hapo, na wote wakangoja. Nilisikia pikipiki inapita, nikasikia watoto wa madrasa wanatoka, wanakimbizana, wanapotelea mbali. Bado wanangoja. Ilipita zaidi ya dakika ya marehemu, zaidi ya mbili. Ndipo yale maneno manne yakaja, ya chini, yana mikwaruzo, si kwenye sauti yake. Wakayajibu hapo hapo, kila mtu kwa nguvu zake, na Kioko alijibu vibaya mno kwa sababu ya kilio, akavuruga sauti ya tatu yote, na hakuna aliyejali.

Mchana ule, kabla ya kula, mama alinyoosha mikono mezani. Nikampa yangu. "Asante kwa chakula," akasema. "Mengine tutaongea." Hiyo ndiyo ilikuwa sala yake yote, na kwa wiki nyingi haikurefuka. Lakini Jumapili alikwenda. Walimwuliza wiki ilikuwaje, akawaambia. Walipomwona mkavu hawakumsukuma. Sala ikaongezeka neno, ikaongezeka neno, na mimi niliyekuwa nikisikiliza kama mwenye njaa ninaweza kusema siku gani alianza tena kumwita Mungu "Baba". Si mahubiri yaliyomfikisha hapo. Hatukuwa na mhubiri. Ni wale watu, kila wiki wale wale, na makosa yao yale yale.

Krismasi iliyopita nilimuuliza. Amestaafu sasa, ana kuku wake na shamba lake la pojo. Nilitaka nisikie habari nzuri ya kuwasimulia wanangu, nikamuuliza kama siku ile alipokaa karibu na Kioko ndipo alipomsamehe.

"Siku ile?" Mama akacheka. "Siku ile nilikaa pale kwa sababu hapakuwa na dawati lingine. Mwenyewe nilitamani kumfinya."

"Ulimsamehe lini basi?"

"Kidogo kidogo. Jumapili hii kidogo, Jumapili ijayo kidogo. Nyingine narudi nyuma. Ningefanyaje, na mtu yuko pale kila wiki, ananishikia kitabu, anakosea sauti ya tatu?" Akawatupia kuku punje za mwisho, akakung'uta mikono. "Kama Faza kungekuwa na kanisa la pili, mwanangu, ningehamia huko, na mpaka leo ningekuwa nimemnunia."

Mimi tangu nianze kazi mjini nimehama makanisa manne, na kila nilipohama nilikuwa na sababu nzuri.